Bwawa Limejaa, Mbona Giza?

Jioni moja hapa Walukuba, Jinja, umeme ulikatika tukiwa kwenye foleni ya chapati. Muuzaji aliwasha tochi ya simu, akaiegemeza kwenye kopo la mafuta, akaendelea kusukuma unga kana kwamba hakuna lililotokea. Kijana wa bodaboda aliyekuwa mbele yangu hakuwa na utulivu ule. "Mzee, Nile iko pale, hata pikipiki haijapata moto ushafika. Ziwa limejaa mpaka linaingia kwa watu. Bwawa jipya la Karuma wamefungua. Hili giza linatoka wapi?" Mzee aliyeulizwa alijibu upesi: umeme wanauza Kenya. Mwingine akadakia kwamba wenye koki ni Wamisri. Wa tatu akasema bwawa limezeeka, wa nne akasema maji yameisha nguvu kwa sababu yamepita kwenye mitambo mingi. Chapati yangu ilipoiva nilikuwa na maelezo manne, na karibu yote yalikuwa na chembe ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake.

Sehemu ya kosa ni ya neno lenyewe. "Bwawa" ni neno lenye moyo mkubwa mno. Maji yaliyotuama nyuma ya nyumba baada ya mvua ni bwawa. Zege la Karuma ni bwawa. Lambo la ng'ombe kule Moroto, katika eneo kame la Karamoja, nalo ni bwawa. Tukisema "mabwawa yamejaa, kwa nini hatuna umeme, na kwa nini Karamoja hawana maji?" tumekusanya vitu vitatu visivyojuana tukavihukumu kwa pamoja. Basi tukubaliane: nikisema ukuta, namaanisha kile kizuizi kilichojengwa katika mto au bonde. Nikisema ghala, namaanisha maji yaliyowekwa akiba nyuma yake. Kuna kuta zilizojengwa ili kuweka ghala. Kuna nyingine zilizojengwa ili kuinua maji tu, yapate pa kuangukia.

Kuta nyingi za umeme za Uganda ni za aina hii ya pili.

Mwagia mguu wako ndoo ya maji kutoka kimo cha goti, kisha mtu akumwagie ndoo ileile kutoka juu ya paa. Maji ni yaleyale ila uchungu si ule. Umeme wa maji ni hesabu hiyo: maji mangapi yanapita kila sekunde, mara yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Mto Nile ukipita kwa mita za ujazo 1,000 kila sekunde na kuanguka mita 20, unapata megawati kama 175 au 180 baada ya kutoa kile ambacho mitambo hupoteza njiani. Maji hayohayo yakianguka mita 70 yanatoa zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana Karuma, ambako mto unashuka mita zipatazo 70, imepewa mitambo ya megawati 600, na Isimba, ambako mto unashuka mita kama 15 tu, imepewa 183, ingawa ni mto uleule.

Katika hesabu hiyo kitu hakiliwi. Turbini haili maji, wala haiyanyonyi nguvu yakabaki makapi. Maji hayachakai. Yakishaanguka kwenye ukuta wa Nalubaale, hapa Jinja, yanaendelea na safari, yakifika penye mteremko mwingine yanaanguka tena upya. Kwa hiyo yule wa nne kwenye foleni ndiye aliyekosea kabisa, na nilimwambia.

Ghala la mto ni ziwa

Kama kuta hizi haziweki akiba, akiba iko wapi? Iko mbele ya macho yetu. Ni ziwa Viktoria lenyewe, ambalo Waganda wanaliita Nalubaale.

Lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Ukichota sentimita moja tu ya juu, isiyofikia upana wa kidole gumba, umepata mita za ujazo milioni 688. Mto ukitoka Jinja kwa mita za ujazo 1,000 kila sekunde unachukua milioni 86 na kidogo kwa siku. Maana yake sentimita moja ya ziwa inaulisha mto kwa siku nane. Hakuna ukuta ambao binadamu angejenga Bujagali au Isimba, chini ya Jinja, ukaweka akiba ya namna hiyo. Bwawa la Bujagali, likiachwa bila maji mapya na mitambo ikizunguka kwa nguvu, ni suala la saa chache tu.

Zamani aliyepima maji ya kutoka ziwani alikuwa jiwe. Pale kwenye maporomoko ya Ripon, mto unapotoka ziwani, palikuwa na kizingiti cha mwamba, na ndiyo sababu mji unaitwa Jinja, yaani jiwe kwa Kiganda. Ziwa lilipopanda, maji mengi yaliruka kizingiti. Liliposhuka, yaliruka machache. Halafu Waingereza wakajenga ukuta wa Owen Falls chini kidogo ya hapo, ukafunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954. Siku hizi ukuta huo unaitwa Nalubaale, jina lilelile la ziwa. Kizingiti cha Ripon kikapotea chini ya maji, na kazi ya jiwe ikahamia kwa watu wenye milango ya chuma.

Hapo Misri iliuliza swali ambalo yeyote anayeishi chini ya mto angeuliza: jiwe lilikuwa halina upendeleo, je, nyinyi? Jibu lilikuwa makubaliano kati ya Uingereza na Misri, yaliyozaa kitu ninachokiita mchoro wa makubaliano. Ni jedwali tu. Ziwa likiwa kimo hiki, achia maji kiasi hiki, sawa na yale ambayo mwamba wa Ripon ungeachia. Wahandisi wa Misri wapo Jinja hadi leo kufuatilia vipimo.

Hiyo ndiyo chembe ya ukweli katika hadithi ya koki. Lakini mchoro hausemi "mpelekeeni Mmisri maji mengi". Unasema fanyeni kama ukuta haupo. Pia maji yetu ni sehemu ndogo ya yale yanayofika Misri, asilimia kama 15. Mengine yanateremka kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Sehemu kubwa ya ya kwetu inapotelea jua na matete kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini, kabla hayajaonana na ya Ethiopia. Uganda nayo haikukaa kimya juu ya mikataba ya wakoloni. Ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini mkataba mpya wa bonde la Nile, uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010, na mkataba huo ulianza kufanya kazi Oktoba 2024. Misri haimo.

Vinu viwili, mahindi yaleyale

Sura inayonisikitisha zaidi katika habari hii ni ya Kiira.

Miaka ya 1990 mahitaji ya umeme yalikuwa yameizidi Nalubaale na megawati zake 180. Ukachimbwa mfereji pembeni, ikajengwa Kiira, yenye megawati 200, na mitambo yake ya kwanza ikaanza mwaka 2000. Kwenye karatasi Jinja ikawa na megawati 380. Angalia lakini ramani: Kiira haiko chini ya Nalubaale. Ziko sambamba, zinakula sahani moja. Tone likipita Kiira halipiti Nalubaale. Kwa hesabu tuliyofanya juu, kila kituo kikizunguka kwa nguvu zote kinahitaji kama mita za ujazo elfu moja kwa sekunde, na vyote viwili ni elfu mbili na ushee. Mchoro wa makubaliano, katika miaka ya kawaida, hauruhusu kiasi hicho.

Mwenye kinu cha posho akinunua kinu cha pili, mahindi ya kijiji hayaongezeki. Atasaga upesi tu, na gunia litaisha upesi.

Likaisha. Ukame ulikuja miaka ya 2004 hadi 2006, na katika kipindi hichohicho maji yaliachiwa kupita kile ambacho mchoro ungeruhusu, ili mitambo izunguke. Ziwa lilishuka hadi kimo ambacho halikuwa limeonekana kwa zaidi ya miaka 80. Wavuvi waliacha mitumbwi mbali na gati zao. Mgao wa umeme ukawa mkali kiasi kwamba mitaa mingi ya Kampala ilipata umeme siku moja na kuukosa siku iliyofuata. Serikali ikakodi jenereta za mafuta, bei ya umeme ikapanda. Kwangu mimi funzo lilikuwa moja: mtu akikutajia megawati, muulize maji yake yatatoka wapi.

Ndiyo sababu kuta zilizofuata zilijengwa chini ya mto, si pembeni. Bujagali, megawati 250, ilizinduliwa mwaka 2012, kilomita zipatazo nane chini ya Nalubaale. Isimba, kati ya Kayunga na Kamuli, ikafuata mwaka 2019. Kisha mto unapita ziwa Kyoga, unafika Karuma, iliyozinduliwa Septemba 2024 baada ya miaka zaidi ya kumi ya ujenzi. Chumba cha mitambo cha Karuma kiko chini ya ardhi, na maji yanarudishwa mtoni kwa mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita nane. Ukipita kwenye daraja la barabara ya Gulu hutaona mengi.

Faida ya kupanga hivi ni kwamba tone moja linafanya kazi mara nne. Hasara ni kwamba vituo vyote vikubwa vinanyonya mrija mmoja. Ziwa likipungua, zote zinapungua pamoja. Vituo vidogo vya mito mingine, kama Nyagak kule Zombo na Bugoye kule Kasese, havitajwi kwenye hotuba, ila angalau vyenyewe havingoji ruhusa ya Jinja.

Na kuna gharama zisizohesabiwa kwa megawati. Maporomoko ya Bujagali yamezama. Kwa Wabasoga wengi pale palikuwa makao ya roho, na mabishano ya jinsi roho inavyohamishwa yaliwashinda wahandisi kwa miaka. Watalii waliokuwa wakija kuteleza na mitumbwi ya mpira walisogezwa chini, halafu Isimba ikawafuata huko.

Nani aliyefurisha ziwa?

Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, ikavuka rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. (Namba hiyo si kina cha ziwa. Ni alama kwenye kipimo kilichosimikwa ufukweni. Ziwa lenyewe, penye kina kikubwa zaidi, lina mita zipatazo 80.) Nyumba za ufukweni zilijaa maji, hoteli zikapoteza bustani, watu wa magati wakahama. Mitaani ikasemwa: wamefunga bwawa ili wapate umeme.

Shuku hiyo ina mantiki. Ila haielezi kwa nini mwaka huohuo Naivasha na Baringo, kule Kenya, nazo zilifurika, na hazina ukuta wa Jinja. Haielezi pia kwa nini mwaka 1964, Viktoria ilipofikia kilele, ziwa Tanganyika nalo lilikuwa juu. Kilichozijaza zote ni mvua. Viktoria hupata zaidi ya robo tatu ya maji yake moja kwa moja kutoka mbinguni, mvua inayonyesha juu ya uso wa ziwa. Mito yote, Kagera ikiwamo, inaleta iliyobaki. Likinyeshewa sana, hakuna mlango wa chuma utakaolitosha.

Rudi kwenye ile hesabu ya sentimita. Ukiongeza maji yanayotoka kwa mita za ujazo 1,000 nyingine kwa sekunde, mto unakuwa mara mbili, watu wa chini wanakimbia, na ziwa linashuka sentimita moja baada ya siku nane, tena kama mvua imenyamaza. Mwaka 2020 milango ilifunguliwa sana, zaidi ya mara mbili ya kawaida, na waliolipa ni wa Kyoga, ziwa la kina kifupi ambalo likiongezewa kidogo linatambaa mbali shambani. Hapa hakuna jibu tamu. Unampunguzia mtu wa Masese, ufukweni hapa Jinja, unamwongezea mtu wa Kyoga, na anayefanya uamuzi huo hakuketi na yeyote kati yao.

Mafuriko yale yalileta kituko kingine. Maji yaling'oa matete na udongo wake, vikawa visiwa vinavyoelea, na Aprili 2020 kisiwa kimoja kikasukumwa hadi kwenye vinywa vya mitambo hapa Jinja. Nchi nzima ikazimika. Maji yalikuwa mengi mno, na giza likawa kamili. Nikikumbuka siku ile, swali la kijana wa bodaboda linaonekana la haki zaidi.

Kutoka mtoni hadi kwenye taa ya chapati

Umeme wetu unapita mikono mitatu, tangu kampuni ya zamani ya serikali ilipogawanywa mwaka 2001. Wa kwanza anaufua. Wa pili anausafirisha kwa nyaya kubwa, kama ile ya kilovolti 400 inayotoka Karuma hadi Kawanda. Wa tatu anausambaza mitaani, anakuuzia yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, na kushughulikia transfoma ya mtaa wako. Kazi hiyo ya tatu ilikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme kwa miaka 20, na tangu Aprili 2025 imerudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL.

Soko la matoke likiwa limejaa Mbarara, hilo halimfaidii mtu wa Jinja kama lori limekwama Masaka. Giza la mtaa mmoja, huku mtaa wa jirani ukiwaka, karibu kamwe halihusu bwawa. Ni transfoma iliyozidiwa, nguzo iliyooza, waya ulioibwa. Giza la maeneo mengi kwa mpigo, au la nchi nzima, ndilo linaloweza kuanzia mtoni au kwenye nyaya kubwa, kama siku ya kile kisiwa, au kama Agosti 2022 maji yalipoingia kwenye chumba cha mitambo cha Isimba.

Na Kenya? Ni kweli tunawauzia, tangu miaka ya 1950. Lakini umeme huu hauwekwi kwenye gunia. Usiku wa manane, watu wamelala na viwanda vimepunguza kazi, kinachoweza kufuliwa ni kingi kuliko kinachohitajika. Kisipopata mnunuzi hakikai kikingoja asubuhi. Mbaya zaidi, baadhi ya mikataba na wawekezaji inadai walipwe kwa umeme waliokuwa tayari kuufua hata kama hakuna aliyeuchukua. Ni kama kukodi ukumbi wa harusi: bwana harusi akikimbia, mwenye ukumbi bado anadai chake. Kuiuzia Kenya ziada ni kupunguza hasara hiyo, na katika miaka mibaya sisi pia tumenunua kwao. Usipouza, transfoma ya Walukuba haitajitengeneza. Nikimlaumu mtu hapa, nalaumu kupanga kuta kwa haraka na nyaya kwa polepole. Uzinduzi wa ukuta una ngoma na utepe. Sijawahi kuona mtu akikata utepe wa nguzo.

Maji ya kunywa, ya mpunga, ya ng'ombe

Maji ya bombani Kampala hayatoki kwenye ukuta wowote wa umeme. Yanavutwa ziwani kule Ggaba na Katosi, yanasafishwa, yanasukumwa kupanda vilima. Ghala lake ni yale matangi ya Muyenga, ambayo kilima kizima kimepewa jina lao, Tank Hill. Kwa kuwa pampu zinahitaji umeme, umeme ukikatika kwa muda mrefu mabomba ya juu yanakohoa hewa. Hapo mambo mawili yanakutana, na hapo ndipo watu huyachanganya.

Mpunga wa Doho, Butaleja, unanyweshwa na mto Manafwa, na mashamba ya Mubuku, Kasese, yanakunywa kutoka mito ya Rwenzori. Huko ukuta ni mdogo, ni banio tu la kugeuza maji yaingie mferejini. Mto ukikauka, mfereji unakauka siku hiyohiyo, maana hakuna ghala.

Ghala la kweli, lililojengwa na binadamu, liko Karamoja na kwenye ukanda wa wafugaji unaoteremka kupitia Nakasongola hadi Sembabule na Isingiro. Ni malambo: ukuta wa udongo katika bonde ambalo mto wake huja na mvua na kuondoka nayo. Kobebe kule Moroto, Arechet kule Napak, Longoromit kule Kaabong. Hayafui hata wati moja. Kazi yake ni kubeba maji ya mvua hadi miezi ya vumbi.

Adui wa lambo ni jua na tope. Mimina chai kwenye kisahani na kwenye kikombe uone ipi inapoa na kukauka upesi. Lambo pana lisilo na kina ni kisahani. Tope linaletwa na mvua yenyewe, likiteremka kutoka vilima visivyo na nyasi, na kila mwaka sakafu ya lambo inapanda kidogo. Kwa macho limejaa mpaka ukingoni, lakini nusu ya kilichomo inaweza kuwa udongo.

Na lambo likibaki na maji wakati majirani yamekauka, linaita watu. Kobebe inanywesha ng'ombe wa Wamatheniko, wafugaji wa Karamoja, na wakati wa kiangazi inanywesha pia wa Waturkana wanaovuka kutoka Kenya. Mwaka 2019 marais wa nchi hizi mbili walikutana Moroto wakatia saini makubaliano ya amani na maendeleo ya mpaka huo. Maji ya pamoja yanaweza kuwakalisha watu pamoja, na yanaweza pia kuwagombanisha, kutegemea nani amekubaliwa kunywesha siku ipi.

Wajenzi wanaojua kazi hii hawawaachi ng'ombe waingie lambo. Wanalizungushia uzio, wanapitisha bomba chini ya ukuta, na kujenga mabirika ya kunyweshea upande wa chini. Kwato zinabaki nje, kingo hazibomoki, samadi haiingii kwenye maji ambayo mama naye atakuja kuteka. Ukifika kwenye lambo lolote, kabla ya kuuliza lina mita za ujazo ngapi, tazama kama uzio bado umesimama.